Jicho Lilibaki Malindi

"Unakuja na kasi ya thelathini na saba," nilimwambia mdogo wangu. "Hii ndege mabawa yake yanaacha kubeba kwenye arobaini. Unaiangusha mwenyewe."

"Kaka, geji ya kasi iko sitini na tano. Njoo uione."

Sikwenda kuiona. Kutoka kiti changu mpaka skrini yake palikuwa na hatua tatu, lakini niliiamini programu yangu kuliko macho yake, kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu na kuikesha wiki nzima. Huo ulikuwa usiku wa Jumamosi, Agosti 2019, sebuleni kwetu South C, Nairobi.

South C tumepakana na uwanja wa ndege wa Wilson. Ndege zikipaa kuelekea mashariki hutupitia juu ya paa, na mdogo wangu wa kike alizijua kwa sauti kabla hajajua kusoma. Alipofikisha miaka 21 alikuwa anaweka akiba ya masomo ya urubani. Saa moja hewani ni pesa nyingi, naye hakutaka siku akianza apoteze hata dakika kumi kwa jambo ambalo angeweza kujifunzia nyumbani. Tukachanga, tukanunua X-Plane 11, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, na usukani wa mtumba uliokuwa unalegea upande mmoja mpaka nilipoukaza kwa kipande cha mpira wa tairi.

Alianza kujifunza kutua Malindi. Sababu ni bibi yetu, anayeishi kule: alitaka kila anapozunguka uwanja aione pwani ya bibi. Baada ya miezi miwili alikuwa anatua Malindi kama mtu anayelaza mtoto kitandani. Ndipo akasema sasa nataka Wilson, ambako nitafundishwa kweli. Na Wilson ikamkataa. Ndege ileile, Cessna 172, mkono uleule, lakini kila akikaribia njia ya kurukia ndege inazama ghafla na kugonga chini. Alirudia jioni baada ya jioni. Nilimwona akianza kunyamaza kwenye chakula, na kwa mtu anayeongea kama yeye, hilo lilinitisha.

Nikamwambia nitaiuliza ndege yenyewe.

X-Plane inakubali kuulizwa. Ukiwa na kompyuta nyingine kwenye mtandao uleule wa nyumbani, unaitumia barua fupi kwa UDP, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe, mlango wa 49000, nayo inaanza kukurudishia namba unazotaka, mara ngapi kwa sekunde unasema wewe. Barua yenyewe ina adabu zake. Kwanza herufi nne, RREF. Kisha baiti moja tupu, sifuri. Kisha namba ya mara ngapi kwa sekunde, kisha namba ya utambulisho unayoichagua mwenyewe, kisha jina la kitu unachokitaka, na jina hilo ulijazie sifuri nyuma mpaka lifike baiti 400. Jumla 413. Mimi nilisahau ile baiti tupu ya baada ya RREF. Nikawa natuma 412, na kwa siku tatu sikujibiwa chochote. Nilizima kinga ya Windows, nikabadilisha waya, nikawasha ruta upya. Siku ya nne stima ilipotea, nikakaa gizani na laptopu yenye betri robo, nikahesabu baiti moja moja kwa kidole kwenye skrini. Hapo ndipo nilipoiona. Stima iliporudi, namba zilimiminika: baiti nane kwa kila thamani, nne za utambulisho na nne za thamani yenyewe, mara kumi kwa sekunde. Nilipiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Niliomba vitu vinne tu: kasi inayoonyeshwa na geji, kasi juu ya ardhi, urefu kutoka ardhini, na kasi ya kushuka. Yote yaliandikwa kwenye faili, mstari kwa mstari. Upepo wa simuleta niliuzima kabisa ili usituchanganye. Joto niliweka nyuzi 30 Malindi na 25 Wilson. Jumamosi ile alitua Malindi mara tatu, kisha tukahamia Wilson. Kasi juu ya ardhi ndiyo niliyoiweka kwa maandishi makubwa kwenye skrini yangu, nikidhani bila upepo itakuwa sawasawa na ya geji. Ilisema 37. Nikamgombeza.

Aliporuka mara ya pili nilimgombeza tena. Ya tatu hakuimaliza. Aliachia usukani, akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikudanganyi, kaka," akaingia chumbani. Mama aliita kutoka kwake, "Nyinyi wawili, watu wamelala."

Nilibaki na faili. Niliirudia mistari yake kutoka juu, na safari hii nikatazama safu ya geji ambayo nilikuwa nimeipuuza. Ilikuwa pale, 65, kama alivyosema. Namba mbili, 65 na 37.7, kwenye mstari mmoja, za ndege moja, kwenye hewa isiyo na upepo. Moja ilikuwa na lugha nyingine. X-Plane huja na faili la maelezo, DataRefs.txt, lenye majina yote na safu ya vizio, nami nilikuwa nimenakili majina bila kuisoma safu hiyo. Kasi ya geji ni noti, yaani maili za bahari kwa saa. Kasi juu ya ardhi ni mita kwa sekunde. Zidisha 37.7 kwa 1.944, unapata noti 73.

Hakuwa anakuja polepole. Alikuwa anakuja vizuri kabisa, nami nilimwita mwongo mbele ya Mama.

Nilitaka kwenda kugonga mlango saa ileile, ila ilikuwa imepita saa saba za usiku. Nikakaa. Na kwa kuwa nilikaa, swali la pili likanijia: kwa nini 73 na si 65, upepo ukiwa sifuri? Nikafungua mistari ya Malindi. Kule geji 65, ardhi 67. Karibu sawa.

Malindi uwanja uko chini ya futi 100 kutoka usawa wa bahari. Wilson uko zaidi ya futi 5,500. Geji ya kasi haijui ardhi. Inapima tu nguvu ya hewa inayoingia kwenye mrija ulioelekea mbele. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo ili mrija usikie nguvu ileile, ndege lazima ikimbie zaidi. Mabawa nayo yanaishi kwa hewa hiyohiyo, kwa hiyo 65 ya geji inayatosha Malindi, na inayatosha Wilson. Kinachobadilika ni ardhi: hapa inakimbia chini yako kwa noti sita zaidi.

Sasa nikamfuata yeye, mstari kwa mstari, akishuka kuelekea Wilson. Mita 60 juu ya ardhi: geji 65, ardhi 73. Mita 45: geji 63, ardhi 71. Mita 30: 61 na 69. Mita 15: 59 na 67.

Nikapiga mstari chini ya ile 67. Nikarudi kutua kwa kwanza, nako kulikuwa vilevile. Kila mara, bila kujua, alivuta pua juu kidogo kidogo mpaka ardhi ikaanza kupita kwa kasi ya Malindi, na hapo akaridhika. Mkono wake haukuwa na kosa. Ulikuwa unalitii jicho, na jicho lake lilibaki kwa bibi. Kufikia hapo mabawa yalikuwa yamenyimwa noti sita, na alipoinua pua kwa ajili ya kugusa chini hakukuwa na akiba, ndege ikazama.

Sikulala. Asubuhi nilimkuta mezani na chai na mahamri, nikaiweka laptopu mbele yake kabla sijakaa.

"Nisamehe. Geji ilikuwa sitini na tano. Mimi nilikuwa nasoma mita kwa sekunde."

Hakujibu mara moja. Alipangusa vidole, akaivuta laptopu, akasoma mistari ya Wilson kwa kidole, kisha ya Malindi, kisha akarudi. Alipofika kwenye 67 ya pili alisimamisha kidole hapo kwa muda mrefu.

"Nilikuwa naona inakimbia sana," alisema. "Kila siku naona inakimbia sana."

"Inakimbia kweli. Lakini kasi iulize geji."

Aliniomba nifute safu ya ardhi kwenye skrini, ibaki ya geji peke yake, kwa maandishi makubwa. Nikafuta. Alikaa kwenye usukani akiwa bado na kitambaa cha jikoni begani. Mara ya kwanza alishikilia 65 mpaka mita 20, mkono ukamtoroka, akagonga kidogo. Mara ya pili na ya tatu niliona namba inataka kushuka na yeye anaikataza, 65, 64, 65, akiwa ameuma mdomo wa chini. Mara ya nne aliishikilia mpaka juu ya kingo ya njia, akainua pua taratibu, na kasi ya kushuka ilikuwa futi 120 kwa dakika tu alipogusa. Usiku uliotangulia ilikuwa imepita 400.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

Mdogo wangu hakugeuka. Aliirudisha ndege mwanzo wa njia, akashika usukani.

"Sasa weka upepo," alisema.