Kumbukumbu ya mradi: nyimbo za kwaya kutoka simu hadi simu bila kugusa bando

Wiki ya 1

Kwaya yetu hapa Morogoro ina watu 38. Mwalimu akitunga wimbo mpya anarekodi faili tano: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, halafu zote kwa pamoja. Anazitupia kwenye kundi la WhatsApp, na kilio kinaanza. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde unakaribia MB 4 kwa kila faili, yaani MB 20 kwa wimbo mzima. Zidisha kwa 38. MB 760 zinashuka kutoka mnarani, wimbo uleule, kwa watu ambao Alhamisi saa 11 jioni watakuwa wamesimama bega kwa bega kwenye chumba kimoja.

Nusu yao wanakuja mazoezini hawajasikiliza. "Bando limekata, mwalimu."

Najua mtasema Xender, ile programu ya kurushiana faili simu kwa simu, ipo. Ipo, na tunaitumia. Shida ni kwamba haijui toleo lipi ni la mwisho. Mwalimu akibadilisha kiitikio Jumatatu, Alhamisi robo ya kwaya inaimba cha zamani, tena kwa kujiamini. Nataka programu ndogo ya Android inayojua wimbo gani umebadilika, iuchukue kwa jirani aliye nao, na mnara uguswe mara moja tu kwa kwaya nzima.

Nimeanza na jambo lisilohusu simu hadi simu kabisa: kubana faili kwa Opus, mfumo wa kupunguza ukubwa wa faili za sauti. Kwa kilobiti 32 mwalimu alikataa, akasema besi wanasikika kama wamefungiwa kwenye debe. Kwa kilobiti 64 akakubali. Kila faili sasa ni MB 2, wimbo mzima MB 10. Nusu ya gharama imeondoka kabla sijaandika mstari hata mmoja wa Bluetooth. Iliniuma kidogo, maana nilitaka ushindi uje kwa njia ya kifahari zaidi.

Wiki ya 3

Nilidanganywa na jina. Bluetooth Low Energy, ile iliyokuja na Bluetooth 4.0 mwaka 2010, inaitwa ya nishati kidogo, nami nikadhani basi kila kitu kipite humo. Ukiitumia kama inavyokuja, kila pakiti inabeba baiti 20 za mzigo wako. Faili ya MB 2 ni karibu pakiti laki moja. Ni kuhamisha gunia la mchele kwa kijiko cha chai. Nilipanua pakiti hadi pale simu zote mbili zilipokubali, mambo yakawa afadhali, lakini kijiko kikawa upawa tu.

Nikagawanya kazi. Bluetooth ipige hodi: "Nina toleo la 3 la wimbo huu, wewe je?" Mzigo wenyewe upite kwa Wi-Fi Direct, ambayo Android inayo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, kwa hiyo hata simu ya bei ya chini kabisa kwenye kwaya inayo. Simu moja inakuwa mwenye kundi, inafanya kazi kama kituo cha Wi-Fi, nyingine zinajiunga. Kila faili ina alama yake ya SHA-256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika faili likibadilika. Alama zikilingana hakuna kinachotumwa, zisipolingana faili inakuja upya.

Wimbo mzima ulivuka kutoka simu yangu kwenda ya mke wangu kabla maji ya chai hayajachemka. Nilijiona fundi.

Wiki ya 4

Ufundi umeisha. Niliacha simu ya majaribio mezani saa 4 usiku, data imezimwa, programu yangu ikitafuta majirani muda wote. Saa 12 asubuhi chaji ilikuwa imeshuka kwa asilimia 23. Haikupokea kitu hata kimoja, maana hapakuwa na jirani wa kupokea kwake. Ilikuwa inaita tu gizani.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu halisi. Redio ya simu haili chaji kwa sababu ya MB peke yake, inaila kwa kukaa macho. Kwenye mtandao wa simu ni hivyohivyo: ukimaliza kupakua, redio haizimiki papo hapo, inabaki juu kwa sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine. Ni daladala inayounguruma kituoni baada ya abiria wote kushuka. Watafiti waliopima 3G mwaka 2009 walikuta karibu asilimia 60 ya nishati ya upakuaji wa kawaida inaishia kwenye muungurumo huo. Mimi nilikuwa nimewakwepesha watu mnara, nikawawekea daladala nyingine isiyozima injini usiku kucha.

Kupima nako kuna visa. Simu mbili kati ya zangu tatu zikiulizwa mkondo wa betri zinajibu sifuri. Ripoti ya betri ya Android nayo ni makadirio kutoka kwenye jedwali lililojazwa kiwandani, na majedwali mengine yamejazwa kwa haraka. Nimebaki na njia ya kizamani: chaji hadi 100, rudia kitendo kimoja mara 30, soma asilimia.

Wiki ya 6

Jaribio la kwanza kanisani. Nilimwendea Mama Neema wa sauti ya kwanza, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na chaji asilimia 31.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii yako inakula bando?"

"Hapana mama, inachukua kwa jirani."

Akaifungua. Simu yake ni Android 10, na kuanzia Android 6 hadi 11 programu ikitaka kutafuta kwa Bluetooth lazima iombe ruhusa ya mahali ulipo. Akasoma ile ruhusa polepole, akanitazama juu ya miwani. "Sasa wimbo wa kwaya unataka kujua nakaa wapi ili iweje, mwanangu?"

Nilieleza. Alikubali kwa heshima tu, niliona. Baada ya dakika kumi wimbo ukaingia, akafurahi, akaenda zake. Jumapili akaniita pembeni: bando lake la wiki limepungua.

Kosa lilikuwa langu. Wi-Fi Direct haina intaneti, na Android ikiona Wi-Fi isiyo na intaneti inapenda kurudisha mizigo kwenye data. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba jirani asipopatikana, programu ichukue kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, kwa intaneti. Jirani alikuwepo umbali wa hatua mbili, ila simu ilimtafuta kupitia mnarani, haikumwona, ikaenda kwenye seva. Nimemrudishia bando lake. Sasa programu imefungwa kwenye Wi-Fi hiyo tu, na njia ya seva haifunguki mtu asipobonyeza mwenyewe.

Wiki ya 7

Nimefuta utafutaji wote. Mistari kama mia tatu, kwaheri. Kwaya inajulikana inakutana lini na wapi, sasa simu zinatafutana za nini?

Kiongozi anabonyeza "Gawa", simu yake inafungua kundi na kuonyesha msimbo wa QR. Mwenye Android 10 kwenda juu anauskani kwenye mipangilio ya Wi-Fi, wengine wanaandikiwa nenosiri. Anayepokea haombwi tena mahali alipo. Mama Neema ameliona hilo kabla sijamwambia.

Simu yangu ilikubali watu wanane, wa tisa akazungukazunguka tu. Nilianza kuchora mtandao wa matawi kwenye karatasi hadi nikacheka: kwaya yenyewe ina matawi. Mwalimu anawagawia viongozi wanne wa sauti, kila kiongozi anawagawia watu wake. Sauti ya kwanza ni wengi, wanapokea kwa awamu mbili.

Wiki ya 9

Kwa kipimo changu cha kizamani, kupokea wimbo mara 30 kwa data kumekula asilimia 6 ya chaji, kwa Wi-Fi Direct asilimia 2. Simu ni moja, mahali ni pamoja, na mnara wa pale ni dhaifu, hivyo redio inapaza sauti zaidi kuufikia. Palipo na mnara wa karibu tofauti itakuwa ndogo.

Wanaoumia ni viongozi, maana mwenye kundi hasinzii. Nimeweka kundi lijifunge baada ya dakika 10, na besi wameanza kupokezana bila kuambiwa.

Limebaki moja. Kiongozi wa sauti ya pili ana iPhone, ambayo haina Wi-Fi Direct. Akiskani msimbo anajiunga kama kwenye Wi-Fi yoyote na kupokea kupitia kivinjari, ila hawezi kugawa. Nimemwomba amwachie jirani yake kazi hiyo. Amesema atafikiria.