Hesabu za Mwaloni

Mwaka 2017 nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaouza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kikao cha kugawana faida tulikipanga wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta kwa taa katika usiku wa giza, hupumzika siku hizo. Siku mbili kabla ya kikao, nikihifadhi hesabu kwenye flashi katika duka la kuchapa, umeme ulikatika, na tangu hapo kila kompyuta ya Windows niliyoichomeka ilinitaka niifomati flashi hiyo, yaani niifute na kuianza upya. Nakala nyingine sikuwa nayo, na hilo naona aibu kulisema hadi leo.

“Mwanangu, hilo ni jasho la watu,” mwenyekiti aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, wala hakuongeza neno.

Nyumbani nilikuwa na kompyuta mpakato kuukuu yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa aina ya Linux badala ya Windows. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zilizochomekwa, iliiona flashi kama sdb, yenye sehemu moja, sdb1, na dmesg, inayoonyesha ujumbe wa mfumo, ililalamikia mpangilio wa mafaili tu, bila kosa lolote la kusoma, nikapata matumaini kwamba kifaa chenyewe ni kizima. Nilitamani kuendesha fsck.vfat, programu ya kukagua na kurekebisha mpangilio huo, papo hapo. Lakini programu hiyo hurekebisha kwa kuandika juu ya kile inachokikagua, kwa hiyo nilianza kwa kunakili sdb1 yote kuwa faili moja kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kisha nikafanya kazi kwenye nakala ya nakala hiyo.

Mfumo wa FAT32, uliopanga mafaili kwenye flashi yangu, kwa kawaida huweka majedwali mawili yanayofanana, yanayoeleza kipande gani cha faili kinafuata kipi. Yangu yalitofautiana, na fsck.vfat ikaniuliza nitumie lipi. Nilichagua la kwanza, na faili la hesabu likagoma kufunguka. Nilitupa nakala ile, nikachukua nyingine, nikachagua la pili: hesabu zote zikaonekana, isipokuwa za siku ile ya mwisho, ambazo nilizijaza upya kutoka kwenye stakabadhi.

Kikaoni mwenyekiti alipitia karatasi mstari kwa mstari, akagundua upungufu wa shilingi 5,000 kwenye jina moja. Flashi haikuhusika, nilikuwa nimejumlisha vibaya mwenyewe.