Fundi wa sita na ovaloki moja

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba njia ya kuongeza sare za shule katika kiwanda changu kidogo cha ushonaji ni kuongeza mafundi, na kila ulipokaribia mwezi wa Januari, wazazi wanapomiminika kutafuta sare, ndivyo nilivyofanya. Mafundi wawili walinipa sare 14 kwa siku; alipokuja wa tatu zikawa 24, kwa kuwa sasa mmoja alikata vitambaa huku wenzake wakishona bila kuinuka kwenye cherehani. Wa nne alizifikisha 32, wa tano 37, wa sita 39. Wa saba alipoingia, chumba kilijaa, vipande vilivyokatwa vikachanganyika, na sare zikashuka hadi 38.

Nilishtuka siku hiyo ya fundi wa saba, ilhali hasara ilikuwa imeingia kabla yake. Kila sare huniachia shilingi 3,000 baada ya kutoa gharama ya kitambaa, uzi na vifungo, na ujira wa fundi ni shilingi 12,000 kwa siku. Wa tano aliongeza 15,000, kwa hiyo alinibakizia kitu. Wa sita aliongeza 6,000 tu, nami nikawa namlipa mara mbili ya hizo. Jumla ilikuwa bado inapanda, na mimi nilikuwa natazama jumla.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba nilimlaumu kijana yule wa sita kwa uvivu. Mikono yake ilikuwa myepesi kama ya wenzake, lakini tulikuwa na ovaloki moja, mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, na kila suruali na kila sketi ilipaswa kupita hapo, hivyo sehemu kubwa ya siku yake iliishia katika kusubiri zamu. Wachumi huiita hali hii kanuni ya kupungua kwa mapato. Mchumi Mwingereza David Ricardo aliieleza mwaka 1815 akizungumzia kilimo: mtaji na nguvu kazi vikizidi kuwekwa kwenye ardhi ile ile, kila nyongeza huzaa kidogo kuliko iliyotangulia. Kwangu mimi, ardhi hiyo ilikuwa ovaloki.

Nilimwomba radhi, kisha nikanunua ovaloki ya pili. Msimu huu mafundi sita wanatoa sare 50 kwa siku, na foleni imehamia kwenye meza ya pasi, ambayo pia ni moja.