Usiku wa kugeuza antena

Juzi mvua imepiga dishi, binti yangu akapiga kelele baba tivii imeganda, kucheki kweli, mtangazaji kabaki mdomo wazi, uso umekatikakatika kama vigae. Nikamwambia ngoja nikageuze antena. Akaniangalia tu. Antena ndo nini? Nikaanza kumweleza nikaishia kucheka peke yangu, maana akili ilikuwa imeshafika Tandika, tarehe 31 Desemba 2012.

Mnaomjua Mzee wangu mnajua ubishi wake. Mwaka ule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wametangaza weee, redioni, magazetini, kwenye tivii yenyewe, kwamba saa sita usiku wa kuamkia mwaka mpya mitambo ya zamani ya tivii, ya analojia, ya Dar inazimwa, inabaki dijitali tu, asiye na king'amuzi ndo basi tena. Mzee anasema hawazimi. Na hoja anayo, kaikunja mfukoni kwenye gazeti: makubaliano ya Geneva ya 2006 yamezipa nchi mpaka 17 Juni 2015 kuzima analojia, sasa sisi haraka ya nini, tunamkimbiza nani? King'amuzi bei yake kwetu ilikuwa inakaribia kodi ya mwezi kwa hiyo nadhani ubishi ulikuwa na mzizi mwingine, ila hayo hayasemwi mbele ya mpangaji wa chumba cha mbele ambaye alishanunua chake na boksi lake akaliweka juu ya kabati tulione.

Basi bwana, usiku huo tumejazana, sisi, watoto wa jirani, mama kakaa karibu na dirisha. Picha safi kabisa kuliko siku zote, Mzee anatuangalia kwa jicho la si niliwaambia. Saa sita ikagonga, nje watu wakaanza kugonga masufuria na mabati, fataki, matairi yanachomwa barabarani, na sisi ndani shiiiiii. Chenga. Nyeupe nyeusi, skrini nzima.

Mzee hakushtuka. Kasema tu, "Toka kageuze."

Nikatoka. Lile bomba lilikuwa limechimbiwa pembeni ya choo, juu antena imeng'oka mbavu mbili, ukilishika kutu inabaki kiganjani. Nikageuza kushoto. Mama dirishani anapokea amri ndani ananirushia mimi nje, "Baba'ako anasema kidogo tu!" Nikageuza kidogo. "Kulia!" Kulia. "Umepitiliza, rudisha!" Narudisha nini sasa, moshi wa tairi umejaa machoni, watoto wanapita njiani wanaimba, nikaelekeza Kisarawe, nikaelekeza baharini, nikaelekeza kila upande ambao Mungu ameuumba. Wakati huo nainua macho naona juu ya mabati ya jirani antena yao nayo inazunguka taratibu, halafu ya nyumba ya pili, nayo inazunguka. Hatuonani, ukuta umetuzuia. Nikasikia sauti ya mtu mzima upande wa pili, "Oya dogo, kwenu inashika?" Nikajibu, "Bado!" Akasema, "Na huku bado." Tukaendelea kugeuza. Yaani tulikuwa tunajua na tulikuwa tunageuza, sijui niseme vipi.

Yaliyofuata ya kawaida. Shangazi yuko Tanga akatucheka kwenye simu, kwao wakazimiwa mwisho wa Januari, akaacha kucheka. AFCON ya Afrika Kusini mimi niliangalia kibanda umiza, Mzee akahamia redioni, redio hawakuguswa, FM mpaka leo ni ileile ya zamani. Wamiliki wa vituo nao wakaanza kulalamika kwamba watazamaji wamepotea, habari hiyo Mzee aliisoma kwa sauti kubwa, mlango wazi, mpangaji wa mbele asikie.

King'amuzi tukaja kununua baadaye, picha kali, hakuna cha kugeuza. Mzee kifurushi cha kwanza kilipoisha akagundua TBC1, ITV na Channel Ten bado zinaonekana, hakulipia tena. Ila watoto wa jirani hawakurudi kuangalia kwetu. Labda na kwao walinunua, labda walikua tu, mimi sitaki kuisingizia dijitali kila kitu. Zamani mawimbi yakiwa hafifu ulikuwa unaona mtu na kivuli chake, unabishana kama goli limeingia au halijaingia, ila unaona. Sasa hivi ama unaona kila kitu mpaka jasho la refa, ama huoni kabisa.

Mwaka jana nilimuuliza Mzee, hivi ule usiku si ulijua kabisa wamezima? Gazeti unalo, tangazo umesikia, kwa nini ulinitoa nje?

Akanywa chai yake kwanza. "Ulikuwa unageuza haraka sana," akasema. "Ungegeuza pole pole ingeshika."

Hakucheka. Mama ndo alicheka.