"Hakubisha" si "alikubali": vipotoshi vya maswali ya ufahamu

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini ufahamu wa kuchagua jibu haukuzikwa nayo. Watoto wa KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, wanakutana na mitego ileile ya vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi yanayofanana na jibu, na karatasi za zamani bado ni mazoezi mazuri. Kwenye karatasi ya Kiswahili Lugha ya KCPE, vifungu viwili vilibeba maswali 31 hadi 50, nusu kasoro ya karatasi nzima.

Tazama kifungu hiki kidogo nilichokitunga:

"Kuku wa Bi Zaina walipoanza kufa, majirani wengi walidai ni kideri. Yeye hakubisha, ila aliwapeleka wawili kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote."

Kulingana na kifungu, Bi Zaina:
A. alikubali kuwa kuku wake wana kideri.
B. alitaka kujua kiini cha tatizo kwanza.
C. aliambiwa na majirani wote kuwa ni kideri.
D. alinunua dawa baada ya kumwona daktari.

C ni rahisi kuing'oa: "wengi" wamegeuzwa "wote". Ila usikariri kwamba chaguo lenye "wote" au "kamwe" ni la uongo siku zote. Kifungu chenyewe kikisema wote, basi ni wote. A inamnasa anayesoma mbiombio, kwa kuwa mtu anaweza kunyamaza bila kukubali.

D ndiyo inayokula alama za wanafunzi wazuri. Inaingia akilini, na maneno "dawa", "daktari" na "kununua" yote yamo kwenye kifungu. Sasa weka kidole penye sentensi inayosema alinunua. Haipo. Huenda kuku walikufa wote, huenda daktari alimpa chanjo bure, hatujaambiwa. Mwanafunzi amemalizia hadithi mwenyewe, kisha akajibu kutoka kwenye hadithi yake.

B haina hata neno "daktari", na ndiyo jibu. Mtungaji hulivisha jibu sahihi maneno mapya, halafu maneno ya kifungu anayapachika kwenye vipotoshi. Kwa hiyo chaguo linalofanana mno na kifungu lisomwe mara mbili.

Utaratibu unaosaidia: soma maswali kabla ya kifungu, lakini machaguo yafunike kwa mkono, maana yanapanda mawazo kichwani. Jibu kwa maneno yako, ndipo ufunue. Yakibaki mawili, usijiulize lipi tamu zaidi. Tafuta lipi lina kosa, hata la neno moja, ulikate.

Swali la maana ya neno "kama lilivyotumika" lina dawa yake: rudisha kila chaguo ndani ya sentensi. "Mama aliketi juu ya mbuzi, nazi mkononi." Mtoto ambaye hajawahi kuona nazi ikikunwa atachagua mnyama. Akisoma tena sentensi nzima, nazi ile mkononi itamtilia shaka.

Halafu kuna "lipi SI kweli". Hapa watu hukosa wakiwa wanajua: wanaona A ni kweli, mkono unatia rangi A, wanasonga. Pigia mstari neno SI, kisha andika K (kweli) au U (uongo) kando ya kila chaguo. Zikitokea K tatu na U moja, jibu ni hiyo U. Zikitokea U mbili, kuna sentensi umeisoma vibaya, na una kama dakika mbili kwa kila swali: zinatosha kurudi kwenye aya husika, si kifungu kizima.