Nyumba ya Kifungua Mimba

Jumamosi moja ya kiangazi niliondoka Minneapolis, ninakoishi kwa sasa, nikaendesha gari kwa takriban saa mbili hadi New Ulm, mji mdogo wa jimbo la Minnesota ulioanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani. Nilikuwa nakwenda kuiona nyumba alimokulia Wanda Gág, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto. Alama iliyo juu ya jina hilo aliiongeza mwenyewe, kwa kuwa alichoka kulisikia likitamkwa vibaya. Nami, ambaye jina langu huvurugwa kila niendako ughaibuni, nilimpenda kwa jambo hilo kabla hata sijavuka kizingiti.

Nyumba hiyo ya mbao ilijengwa mwaka 1894 na baba yake, Anton, mhamiaji kutoka Bohemia, eneo ambalo leo liko Jamhuri ya Czech, aliyeishi kwa kuchora picha na kupamba makanisa na majumba ya watu. Mapambo aliyoyachora kwa mkono wake katika vyumba vyake mwenyewe ndiyo yaliyonichelewesha kuliko kitu kingine chochote, kwani fundi wa kulipwa huwa hana muda wa kuipamba nyumba yake. Chumba chake cha kuchorea kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, ambako madirisha yalitobolewa paani ili kuingiza mwanga. Wanda, aliyezaliwa mwaka 1893, aliingia humo akiwa mchanga, akaanza kuchora kama watoto wengine wanavyoanza kuzungumza, naye aliona ajabu alipogundua baadaye kwamba ziko nyumba ambazo watu hawachori.

Hata hivyo, kilichonikaa moyoni si furaha hiyo. Anton alifariki mwaka 1908 kwa kifua kikuu, na kabla ya kukata roho alimwachia bintiye maneno ya Kijerumani yenye maana kwamba yale ambayo baba hakuweza kuyafanya, Wanda hana budi kuyakamilisha. Wanda alikuwa na miaka 15 na ndugu sita nyuma yake, kitinda mimba akiwa bado wa kubebwa, na mama yao alikuwa dhaifu. Mimi pia ni kifungua mimba, na nilisimama sebuleni humo nikijiuliza kama baba alikuwa akimsifu binti au akimtwika mzigo. Kwetu neno la namna hiyo huitwa wosia, na wosia haujadiliwi na aliyepewa.

Wapo watu wa mjini waliomshauri aache shule akauze dukani. Alikataa, akashikilia kwamba si yeye tu, bali wote saba lazima wamalize sekondari. Aliuza michoro na hadithi zake kwa toleo la watoto la gazeti moja la Minneapolis, akachora kadi za kuuza, na baada ya kuhitimu mwaka 1912 akafundisha shule ya kijijini kabla ya kwenda kusomea sanaa. Mwaka 1917 alipata ufadhili wa kusoma New York, na mwaka huohuo mama yake akafariki. Mwaka uliofuata nyumba iliuzwa, na wadogo zake wakahamia Minneapolis.

Ilipita miaka 70 hivi kabla ya chama cha wapenzi wa kazi zake kuinunua na kuanza kuitengeneza. Naungana nao kwa uamuzi wa kuihifadhi kama nyumba ya familia nzima, wala si ya Wanda peke yake, kwa sababu humo hakuna kona ambayo mtu angeweza kudai kwamba mtoto mmoja alikulia peke yake.

Nilikuwa na nakala ya Millions of Cats, kitabu chake cha mwaka 1928 kinachosimulia habari za mzee na mkewe waliotamani paka mmoja tu wakajikuta na mamilioni. Niliifungua nikiwa garini, injini ikiwa bado imezimwa, na safari hii sikuzitazama picha bali maandishi. Hayakupangwa kwa mashine. Yameandikwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, na Howard, mvulana pekee kati ya wale wadogo sita.