Prado, tela na Kitonga: nilivyopoza oili ya gia boksi

Kazi yangu ni kufunga mashine za kusaga na kukoboa mahindi. Nanunua Dar, wateja wengi wako Ilula, Iringa hadi Makambako, na gari langu ni Prado ya miaka ya tisini, dizeli, otomatiki ya gia nne. Nyuma nafunga tela. Likishapakiwa kinu, mota na vyuma vyake, linafika kama tani moja na nusu.

Mpaka Ruaha Mbuyuni sikuwahi kupata shida. Shida ni Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Ilula.

Siku hiyo tulianza kupanda saa nane mchana, jua la bonde la mibuyu linachoma, tukakuta semi mbili zinatambaa mbele yetu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuzipita huwezi, kona zimefuatana. Katikati ya mlima ikawaka taa ambayo sikuwahi kuiona: A/T OIL TEMP, yaani joto la oili ya gia boksi. Mshale wa joto la injini ulikuwa umetulia katikati, kwa hiyo nikaipuuza. Dakika chache baadaye harufu ya kuungua ikaingia ndani, injini inalia lakini gari halisogei. Nikaegesha palipokuwa na upenyo, mpwa wangu akaruka na jiwe akaweka tairini, nami nikazima injini.

Hapo nikawa nimekosea mara ya pili. Injini ikizimwa, pampu ya gia boksi nayo inasimama, oili iliyochemka inabaki palepale ikijipika. Ilitakiwa niweke gia kwenye P, ya kuegesha, niache injini ingurume, oili izunguke ipite kwenye rejeta.

Iringa, fundi alipofungua nati ya chini ya gia boksi, oili ilitoka nyeusi kama kahawa. Oili mpya ni nyekundu. Akaipekecha kati ya vidole, akaninusisha. "Bosi, umewahi. Chenga za chuma hamna." Yeye ndiye aliyenielewesha. Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna toku konveta, na ndani yake ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Injini inazungusha moja, hiyo inasukuma oili, oili inazungusha ya pili. Ukishika kasi barabarani, kuna klachi ya ndani inayozifunga zizunguke pamoja. Ukitambaa mlimani na mzigo haifungi: moja inakimbia, nyingine inajivuta, na nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Nilikuwa nalaumu uzito wa tela, kumbe uzito ule ulihitaji mwendo wa kobe ndipo unikaange.

Dar, fundi wangu alitaka kuniuzia gia boksi ya mtumba. Nikakataa, nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta rejeta ndogo ya oili. Za mtumba zipo, lakini kama imetoka kwenye gari ambalo gia boksi ilikufa, chenga zimejificha kwenye vijia vyake na hata ukiosha kwa petroli haziishi. Nikachukua mpya. Tukaifunga mbele ya kondensa ya AC, oili itoke gia boksi, ipite rejeta kubwa kama zamani, kisha ndogo, ndipo irudi. Wapo wanaoiruka rejeta kubwa. Mimi sikubali, maana gari likisimama upepo wa rejeta ndogo ni haba, lakini maji ya ile kubwa bado yanabeba joto. Na asubuhi za baridi ya Mafinga maji hayohayo yanaipasha oili.

Kazi ya kwanza ilikuwa mbovu. Ilifungwa kwa nyuzi za plastiki zilizopenyezwa kwenye mapezi, tena kwa mpira wa maji. Mwezi haukuisha, rejeta ikawa imesuguliwa mpaka ikatoboka, na mpira umelainika kama ugali. Tukarudia kwa vishikizo vya chuma, mpira wa oili na klampu mbili kila ncha.

Lakini nikiulizwa kipi ninunue kwanza, nasema geji ya joto la oili. Yangu inapima kwenye bomba linalotoka gia boksi, oili ikiwa moto kuliko mahali pengine. Kati ya Chalinze na Morogoro inasoma nyuzi 85 mpaka 90. Safari ya kwanza nayo Kitonga niliacha D kwa uvivu, nyuma ya lori ikafika nyuzi 124. Iliyofuata, mzigo uleule, nilizima O/D (ovadraivu, ile gia ya nne) tangu chini, nikashusha mpaka 2, nikazima AC, nikaacha nafasi kubwa mbele ili nisisimame-simame: 107. Ikigusa 120 natafuta upenyo. Na siku hizi tunalala Ruaha Mbuyuni, tunaanza kupanda saa kumi na moja alfajiri.

Kinachoniudhi hadi leo ni fundi anayepima oili ya gia boksi injini ikiwa imezimwa. Kwenye Prado hii inapimwa ikiwa ya moto, injini inanguruma, gia iko P. Ukizima inaonekana imezidi, jamaa anaipunguza, na umerudi mlimani na oili pungufu.

Gia ya tatu bado inachelewa kidogo asubuhi. Sijaifungua. Geji nimemwachia mpwa wangu, na safari iliyopita, kwenye kona moja kali, alinitangazia kwa sauti ya kondakta anayetaja vituo: "Mjomba, mia na tisa!"